Shajara ya mradi: mashine ya pinboli iliyozimika Raskazone

## Jumamosi, 8 Juni 2024: mashine imefika

Kirikuu imeshusha mashine ya pinboli mbele ya karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, saa kumi alasiri. Imetoka nyumba ya wageni moja ya Raskazone. Si mbali, lakini mzigo wenyewe unapita kilo mia moja, kwa hiyo tulikunja kichwa chake, tukafungua miguu minne, tukaibeba watu wanne. Nauli shilingi 25,000. Vijana wa kubeba walitaka kuiona ikiwaka kabla hawajaondoka. Nimewaambia warudi baada ya mwezi.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni meza yenye mteremko, imefunikwa kioo. Gololi ya chuma ya milimita 27 inateremka, na mchezaji anaizuia isizame shimoni kwa makasia mawili yaliyo chini, yale ambayo wenyewe huyaita flipa. Juu ya makasia kuna kombeo mbili za pembetatu. Gololi ikigusa raba ya kombeo, inarushwa upande wa pili. Kila kinachopiga kinasukumwa na koili, yaani waya uliosukwa mizunguko mingi, unaokuwa sumaku ukipata umeme. Jirani yangu wa baiskeli aliuliza kama hii ni kamari. Swali hilo ni la zamani: mji wa New York uliwahi kuzipiga marufuku kwa sababu hiyohiyo, ukaziruhusu tena mwaka 1976. Makasia, yaliyoanza kutumika 1947, ndiyo yaliyoupa mkono wa mchezaji kazi ya kufanya.

Mama mwenye nyumba ya wageni alinieleza historia ya mashine nilipokwenda kuichukua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Hii ilikuwa sebuleni miaka yote, haina neno. Mwaka jana tukaitoa barazani, wageni wacheze huku wanaiona bahari. Masika haya ikaanza kunuka, harufu ya plastiki kuungua. Akaja kijana akabadilisha fyuzi, ikaenda siku tatu, ikazimika moja kwa moja."

Baraza, harufu, fyuzi. Niliyaandika maneno hayo matatu kwenye daftari kisha nikayasahau, na kuyasahau kumenigharimu wiki mbili.

Nilipoiwasha: skrini inawaka, programu inapanda vizuri, halafu unakuja ujumbe kwamba nodi hazionekani. Uwanja wote, yaani ule ubao wa kuchezea, giza. Kutoka ndani ya kasha unasikika mlio mdogo, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani.

Hizo nodi ndizo tofauti kubwa kati ya mashine hii na zile za miaka ya 1990. Zamani bodi kubwa zote zilikaa kichwani, na kila koili, taa na swichi ilivuta waya wake hadi huko. Katika hii, kichwani kuna bodi ya kompyuta tu. Chini ya uwanja kuna bodi ndogondogo, kila moja na chipu yake, na kila moja inahudumia koili, taa na swichi zilizo jirani nayo. Bodi hizo zinazungumza na kompyuta kwa nyaya kama za mtandao wa ofisini, na zinalishwa volti 48 za umeme wa DC, kama wa betri. Volti hizo 48 ndizo zinazovuta koili, na kutoka humohumo nodi inajitengenezea volti 5 za chipu zake.

## Jumapili, 9 Juni: nyaya na kadi, kosa la kwanza

Ujumbe unasema nodi hazionekani, nami nikaamini kwamba tatizo ni mawasiliano. Nikanunua nyaya tatu za mtandao, shilingi 5,000 kila mmoja, nikabadilisha zote. Hakuna kilichobadilika. Nikadhani programu imeharibika kwenye kadi ya SD, nikanunua kadi mpya ya shilingi 12,000 na kupakia programu upya. Hakuna.

Shilingi 27,000 na Jumapili nzima zimekwenda, na multimita ilikuwa mezani haijaguswa. Skrini inaeleza kile ambacho kompyuta imekiona, yaani kimya. Kwa nini kuna kimya, haijui. Nodi isiyo na umeme na nodi iliyokatikiwa waya zinanyamaza sawasawa.

## Jumamosi, 15 Juni: volti 48 hazipo

Mpwa wangu anasoma umeme chuo cha ufundi cha VETA, na wikendi huja karakana. Kabla hata hajakaa aliuliza, "Mjomba, umepima saplai?" Tukapima.

Pawasaplai, yaani kifaa kinachoipa mashine volti 48, ilikuwa inapanda hadi 20 hivi, inaanguka sifuri, inapanda tena. Ule mlio wa tik, tik ni huo. Saplai za kisasa zikikutana na shoti hujizima, zinajaribu tena, zinajizima. Fundi akiusikia mlio huo aache mambo ya programu na atafute shoti.

Njia tuliyofuata ni rahisi. Zima, chomoa plagi zote za volti 48 zinazokwenda kwenye nodi, washa: saplai imesimama 48.2, imetulia. Zima, rudisha nodi moja, washa. Tulirudia hivyo nodi kwa nodi, na kila mara tulisubiri kapasita, zinazohifadhi umeme hata ukizima, zishuke kabla ya kugusa kitu. Nodi ya kasha, sawa. Ya juu kulia, sawa. Tulipofika nodi namba 8, inayohudumia upande wa chini kushoto, tik, tik ikarudi.

Tukaiacha nodi 8 kwenye umeme lakini tukachomoa plagi ya koili zake. Saplai ikatulia, na kwa mara ya kwanza nodi zote zikaonekana kwenye skrini. Taa za uwanja zikawaka zote kwa pamoja, nyekundu na buluu, na mpwa wangu akapiga makofi.

Na fyuzi? Pembeni ya kishikio cha fyuzi ya mstari huu pamechapwa 5A, yaani ampia 5. Ndani nimekuta ya 15A. Saplai yenyewe inajizima kabla ya kufika 15, kwa hiyo fyuzi hiyo haikuwa na siku ya kukatika. Nimenunua za 5A tatu kwa shilingi 1,500.

## Jumapili, 16 Juni: mosfeti mpya imekufa kwa sekunde moja

Kila koili ina mosfeti yake kwenye bodi, transista inayofanya kazi ya swichi upande wa hasi. Ina miguu mitatu: umeme hupita kati ya dreni na sosi, na geti ndiyo inayoifungua. Koili inapata volti 48 muda wote, na inavuta pale tu mosfeti inapoifungulia njia ya kwenda chini. Mosfeti ikipiga shoti, njia inabaki wazi na koili inavuta bila kuachia.

Kuzipima ni kazi ya dakika. Multimita kwenye hali ya diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ncha nyekundu kwenye mguu wa sosi, nyeusi kwenye dreni: nzima inasoma kama 0.5. Geuza ncha: haisomi kitu. Kwenye nodi 8 zote zilisoma hivyo isipokuwa ya kombeo ya kushoto, iliyosoma 0.00 pande zote mbili.

Nikafurahi kwamba nimempata mwuaji, nikaharakisha. Kwenye droo nilikuwa na IRF540N, volti 100, ampia 33, nikaona inatosha na kubaki. Nikaondoa iliyokufa, nikakunja miguu ya hii mpya ikae kwenye bodi, nikachomea risasi, nikarudisha plagi, nikaweka fyuzi ya 5A. Nodi zote zimeonekana. Nikaingia kwenye menyu ya majaribio ya koili, nikachagua kombeo ya kushoto, nikabonyeza.

Ikanguruma, haikupiga. Moshi mwembamba ukatoka chini ya uwanja, fyuzi ikakatika kwa mwanga mweupe. Nilipopima, mosfeti mpya: 0.00, pande zote mbili.

Hapa naomba anayefuata kazi hii asimame kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea kuliko kote. Nilikuta maiti nikambadilishia sanda. Sikujiuliza ile ya kwanza iliuawa na nini, na yule muuaji alikuwa bado yupo mezani. Hatimaye nimekuta walikuwa watatu, na mmoja nilimwingiza mwenyewe.

## Jumamosi, 22 Juni: balbu mbili za lori

Wiki ya Idi karakana ilifungwa, na pumziko lilinifaa. Nimerudi na kinga ambayo nilipaswa kuwa nayo tangu mwanzo.

Mafundi wa redio wa zamani hapa Tanga walijaribu redio mbovu kwa kuunganisha balbu mfululizo na umeme. Kukiwa na shoti balbu inawaka, na redio inapona. Nimefanya vivyo hivyo kwa volti 48: balbu mbili za indiketa za lori, volti 24 wati 21 kila moja, zimeungwa mfululizo, ncha zao zimewekwa kwenye kishikio mahali pa fyuzi. Pamoja na vishikio vyake ni shilingi 5,000. Hata shoti iwe kamili, umeme unaopita hauzidi ampia moja, kwa hiyo hakuna mosfeti inayokufa wala bodi inayoungua. Mashine ikiwa nzima, balbu zinakuwa na wekundu hafifu tu. Zikiwaka zote, zima na utafute.

Tangu leo sijawasha mashine hii kwa fyuzi kabla ya kuiwasha kwa balbu.

Kisha nikapima koili yenyewe. Nilichomoa plagi yake kwanza, maana ikiwa imeungwa unapima na vitu vingine vya kwenye bodi. Pacha wake wa kulia anasoma omu 10.8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Huyu wa kushoto: 2.1. Gawanya 48 kwa 10.8, unapata ampia 4.4, ndiyo nguvu iliyokusudiwa, tena kwa mpigo mfupi sana. Gawanya 48 kwa 2.1, unapata karibu 23. Hakuna transista ya bodi hii iliyopangiwa mzigo huo.

Nilipoifungua, karatasi ya jina ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa, na kile kibomba cha nailoni ambamo chuma hupita kimeyeyuka kikashikana na koili. Harufu aliyoisema mama ilikuwa hii. Mosfeti ya kwanza ilipopiga shoti, koili ilibaki imevuta. Fyuzi kubwa ikaiacha iungue polepole mpaka vanishi ya waya ikayeyuka, mizunguko ikagusana, na omu zikashuka.

## Jumamosi, 29 Juni: kusuka koili, na diodi isiyofika

Kuagiza koili Marekani kungechukua wiki nyingi, na nauli ingepita bei ya koili yenyewe. Lakini namba iliyo kwenye karatasi inatosha kuitengeneza hapahapa: 26-1200. Namba ya kwanza ni unene wa waya kwa kipimo cha Kimarekani, sawa na milimita 0.40. Ya pili ni idadi ya mizunguko. Nikaipeleka kwa mzee anayesuka mota za pampu. Akaitazama, akaigeuza, akasema, "Hii ndogo, mwanangu, lakini kusuka ni kusuka." Kikombe cha plastiki ambacho waya wa koili huzungushwa kilikuwa kimevimba, kwa hiyo fundi wa kerezo akanichongea kingine kwa nailoni ile ya bushi za magari, pamoja na kibomba cha ndani. Kusuka 20,000, kerezo 15,000.

Imerudi ikisoma omu 11.0. Kuna njia nyingine ya kuhakiki: waya wa milimita 0.40 una omu 0.137 kwa mita, kwa hiyo omu 11 ni mita 80 za waya. Mzee aliupima waya uliotumika kwa mizani yake, akanihakikishia hesabu inakubali.

Hata hivyo koili iliyoungua ni matokeo. Nani aliiua mosfeti ya kwanza, wakati koili bado nzima?

Koili ikikatiwa umeme ghafla, nguvu ya sumaku iliyomo haitulii. Inatafuta pa kutokea, na inapandisha volti mpaka ipate njia. Kwa hiyo kila koili ina diodi iliyofungwa kinyume, sambamba nayo, ili teke hilo lizunguke humo na kuisha. Kwenye mashine nyingi za zamani diodi ilikaa kwenye masikio ya koili. Kwenye hii ipo juu ya bodi ya nodi. Diodi ikikosekana, teke lote linaishia kwenye mosfeti. Mosfeti nzuri huvumilia mara nyingi, kisha siku moja haivumilii.

Nikapima diodi za nodi 8, plagi ya koili ikiwa nje. Njia za jirani: 0.48, 0.49, 0.48. Ya kombeo ya kushoto: haisomi. Nikaing'oa nikaipima mkononi: 0.49, nzima kabisa! Hapo nikachukua simu, nikasogeza kamera karibu kabisa na bodi chini ya taa. Pale mguu wa diodi unapokanyaga palikuwa na unga wa kijani kama ule wa kwenye terminali za betri ya gari, na njia ya shaba iliyotoka hapo, nyembamba kama unywele, ilikuwa imeliwa kwa urefu wa milimita mbili. Chumvi. Mwaka mzima barazani, upepo wa bahari ukiingia kwa matundu ya chini ya kasha, na bodi ya kushoto ndiyo iliyo karibu na tundu.

Nikasugua kwa mswaki na spiriti (chupa shilingi 6,000), nikakwangua shaba mpaka ikang'aa, nikavusha pengo kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini, nikarudisha diodi ileile. Inasoma 0.48 kama wenzake.

Muuaji wa kwanza ndiye huyo. Wa pili ni koili. Wa tatu ni IRF540N niliyoiweka mimi. Herufi moja imeniponza: IRF inataka volti 10 kwenye geti ili ifunguke sawasawa, wakati nodi inatoa 5 tu. Kwa volti 5 inafunguka nusu, inakaba umeme, inapata joto. Inayotakiwa ni IRL540N, yenye L, iliyotengenezwa kufunguka kwa volti 5. Na msomaji asivutiwe na IRFZ44N zinazojaa kwenye inveta mbovu: hizo mwisho wake ni volti 55, na hapa tayari kuna 48 kabla koili haijapiga teke.

## Jumamosi, 13 Julai: tano zimekuja, tatu za kweli

IRL540N tano zimefika kwa basi kutoka Kariakoo, 4,000 kila moja na kifurushi 5,000. Maandishi ya mbili kati yake hayakunipendeza, meupe mno na yanafutika kwa spiriti, nikaamua kuzijaribu zote kabla ya kuchomea.

Jaribio: betri mbili za pikipiki mfululizo kupata volti 24, balbu moja ya lori kutoka chanya hadi mguu wa dreni, sosi kwenye hasi, na geti nikailisha volti 5 za chaja ya simu, hasi zote zikiwa pamoja. Ya kweli inawasha balbu kabisa, na kati ya dreni na sosi unapima 0.05 tu. Tatu zilikuwa hivyo. Mbili zilibakisha volti 2 na zaidi, balbu hafifu, na baada ya nusu dakika hazishikiki kwa kidole. Ni shilingi 8,000 za takataka, lakini zimegundulika mezani kabla hazijaingia kwenye bodi.

Nikachomea ya kweli. Kwa balbu: kombeo ikapiga kivivu, balbu zikamulika na kuzima. Mara kumi, hakuna joto. Kwa fyuzi ya 5A: ta! ta! ta! kama nyundo ndogo. Mpwa wangu alirudisha kioo na tukacheza mchezo wa kwanza mzima. Vijana wa kirikuu walikuwa wamekuja kuulizia kama walivyoahidiwa, nao wakacheza mpaka magharibi.

## Jumamosi, 20 Julai: nodi inayopotea na kurudi

Furaha ilidumu siku tatu. Ukicheza dakika ishirini, makasia yanalegea ghafla katikati ya mchezo, taa za kushoto zinazimika, sekunde mbili baadaye zinarudi. Nodi 8 tena. Ukiisimamisha na kupima, kila kitu sawa.

Nilipuliza dawa ya kutu kwenye plagi zote (kopo 8,000). Ikatulia siku mbili, ikarudi vilevile. Ningeomba watu waache dawa hiyo kwa kazi hii, kwa sababu inalainisha uchafu bila kuuondoa, na siku mbili za nafuu zinakufanya utafute kosa mahali pengine.

Kosa la namna hii halikamatwi kwa kungoja, unalichokoza. Mashine ikiwa imewaka, tukagonga bodi kidogokidogo kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, eneo kwa eneo. Nilipogusa plagi ya volti 48, nodi ikapotea.

Kisha tukapima kwa mzigo. Balbu zilezile mbili zikaungwa kwenye nodi zivute karibu ampia moja, ncha moja ya multimita kwenye waya nyuma ya plagi, nyingine kwenye pini ileile upande wa bodi. Kati ya sehemu hizo mbili panatakiwa pasiwe na volti yoyote ya kutaja. Upande wa chanya: 0.01. Upande wa hasi: 0.36, na ukitikisa waya inaruka hadi 6. Bila mzigo pini hiyohiyo inasoma sifuri safi, ndiyo maana nilikuwa naisifu kila nikipima.

Palikuwa na makosa mawili mahali pamoja. Kibano cha shaba ndani ya plagi kimeoza na kupoteza mkazo. Na chini ya bodi, risasi iliyozunguka pini hiyo ilikuwa na ufa wa duara, mwembamba kama pete, unaouona tu ukiinamisha bodi kwenye mwanga. Mashine inapigapiga kutwa nzima. Pini nzito zenye nyaya nene ndizo hupasuka kwanza. Nimebadilisha vibano vyote vya plagi za volti 48 na koili kwenye nodi zote, pamoja na pini zilizokwisha (18,000), na nimeyeyusha upya risasi ya kila pini kubwa kwa kuongeza mpya kidogo. Kipimo cha hasi sasa ni 0.01.

Wapo wanaosafisha pini kwa limau. Inang'arisha kweli, lakini asidi inayobaki ndani ya plagi inaendelea kula. Kibano kilicholegea kibadilishwe.

## Jumamosi, 27 Julai: ugonjwa wa alasiri

Mashine ikaanza kudai gololi imepotea. Ikidai hivyo inapiga koili zote kwa zamu kuitafuta, ilhali gololi zote zimelala mferejini, pale zinapongojea kuchezwa. Mferejini gololi huhesabiwa kwa miale ya infraredi: upande mmoja viwasha, upande wa pili vipokezi, gololi ikikaa katikati inakata mwale. Nikatoa bodi zote mbili za mfereji, nikapima kila rezista, nikayeyusha risasi upya. Jumapili iliyopita na jioni mbili zimeishia hapo.

Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu akiangalia, kisha akasema, "Mjomba, mbona asubuhi haiumwi?"

Mlango wa karakana unatazama magharibi. Kuanzia saa tisa jua linaingia moja kwa moja hadi kwenye uwanja tuliouinua bila kioo, na jua lina infraredi nyingi. Vipokezi vilikuwa vinaona jua na kusema mwale haujakatwa. Tukaning'iniza kanga mlangoni. Ugonjwa ukaisha palepale. Bodi hazikuwa na kosa lolote.

Moja tu lilikuwa la kweli: kiwasha cha tatu kilikuwa hafifu. Unavitazama kwa kamera ya mbele ya simu, vinaonekana vya zambarau wakati jicho halioni kitu. Cha tatu kilikuwa na utando wa chumvi na vumbi, nikaufuta kwa spiriti, kikalingana na wengine.

## Jumamosi, 3 Agosti: kurudi Raskazone

Kirikuu 25,000 tena. Mama amekubali irudi sebuleni, ukuta wa ndani, mbali na madirisha ya baharini. Bodi za nodi nimezipaka vanishi ya bodi (10,000), nikafunika plagi na pini kwa utepe kwanza zisiguswe, maana vanishi ikiingia kwenye pini inazuia umeme. Matundu ya chini ya kasha nimeyawekea wavu mwembamba. Kwenye soketi nimeweka kilinda umeme kama cha friji (35,000).

Gharama zote, nauli zikiwemo na ufundi wangu ukiwa kando, ni shilingi 220,500. Kati ya hizo 43,000 ni za makosa: nyaya na kadi 27,000, dawa ya kupuliza 8,000, mosfeti bandia mbili 8,000.

## Jumamosi, 7 Septemba: ukaguzi wa mwezi

Nimekwenda na multimita na balbu zangu. Pini ya hasi ya nodi 8: 0.01, haijasogea. Koili ya kusuka: 11.0, na baada ya michezo mitano mfululizo ina joto lilelile la pacha wake wa kulia. Nodi haijapotea hata mara moja kwa kumbukumbu za mashine. Taa moja nyuma ya kigongo cha juu inapepesa; ni waya, nitaufunga nikija tena.

Ndani ya mlango wa sarafu mpwa wangu amebandika karatasi ngumu yenye namba za kila koili, vipimo vya diodi, na maneno FYUZI 5A TU kwa wino mwekundu. Chini yake, ndani ya mfuko wa nailoni, tumeacha fyuzi moja ya akiba na IRL540N mbili zilizojaribiwa.